Daftari la Mkunga na Disketi Tisa

Maktaba niliyofanyia kazi miaka ya tisini ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa, Mji wa Kale, kwenye njia nyembamba ambayo mkokoteni ukipita inabidi ujibane ukutani. Haikuwa ya serikali. Ilianzishwa na watu wa mji ambao hawakutaka vitabu vya wazee wao vichukuliwe na watalii, ikasimamiwa na kamati ya wadhamini watano, na mfanyakazi wa mshahara alikuwa mmoja, mimi. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Mkristo, kwetu ni nyuma ya Kaloleni, na nilikaa Buxton katika nyumba za baraza la mji pamoja na mume wangu na watoto wawili. Asubuhi nilikwenda kazini kwa miguu, na nikifika jambo la kwanza lilikuwa kupangusa.

Hewa ya kisiwa ina chumvi na unyevu. Miezi ya mvua ukungu huota juu ya majalada ya vitabu mfano wa unga uliomwagika. Nilipangusa kwa kitambaa kikavu, nikafungua madirisha saa tatu, nikayafunga saa saba, nikanyunyiza dawa ya mchwa kila mwezi. Ni kazi isiyoonekana. Ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na mtu akija anakuta kila kitu kama kilivyokuwa, anadhani ndivyo vitu vinavyokaa vyenyewe.

Kompyuta tuliletewa na shirika moja la ng'ambo. Ilikuwa imekwisha tumika kwengine, skrini yake ya kijani, na disketi zake ni zile pana, laini, zinazopinda ukizishika vibaya. Nilipelekwa wiki mbili kufundishwa kupiga chapa na kuhifadhi. Wadhamini walifurahi sana. Mwenyekiti wao, wakili mstaafu aliyekaa Kizingo, mtu mpole anayevaa suti hata wakati wa joto la kaskazi, aliniambia, "Mama, sasa hata nyumba hii ikiungua, vitabu vipo." Nami niliamini hivyo. Sikuwa na sababu ya kutoamini.

Yule bibi alikuja mwaka wa pili wa kompyuta. Alikuwa na miaka sitini na zaidi, mwembamba, buibui lake limepauka mabegani, na riziki yake ilikuwa kushona kofia. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi akapumua kwanza kwa sababu ngazi zetu zilikuwa kali. Kisha akafungua kitambaa cha marekani na kutoa daftari nene la jalada gumu.

Mamake alikuwa mkunga. Kwa miaka mingi, wanawake wa mitaa ile walipozaa majumbani ni yeye aliyeitwa, na kila mtoto aliyempokea alimwandika: jina la mama, jina la baba, mtaa, siku, saa, na neno moja mawili ya jinsi uzazi ulivyokwenda. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya wino, mistari imebanana kwa sababu karatasi hakuitupa. Alipofariki, daftari lilibaki kwa bintiye.

"Watu hawaniwati nikalala," aliniambia. "Kila mtu ataka kujua amezaliwa lini. Mmoja ataka kitambulisho, mwengine ataka pasipoti, mwengine aenda kuoa. Wote wazaliwa nyumbani, hawana karatasi. Wanigongea mlango, nami mato yangu hayaoni vyema tena. Nimesikia hapa muna mashini yatafuta jina mara moja."

Nilimwambia ipo, ila mimi herufi zile sizijui. Akalivuta daftari kwake.

"Nitakusomea," akasema.

Basi tukaanza. Alikuja Jumanne na Alhamisi baada ya adhuhuri, akasogeza daftari karibu na dirisha, akasoma polepole, nami nikipiga chapa. Ilituchukua mwaka na miezi. Stima ilipotea mara nyingi, na ikipotea kabla sijahifadhi ilibidi asome upya ukurasa mzima. Hakulalamika. Alikuwa akisema tu, "Haya, wazaliwe mara ya pili." Nilijua uzazi wa mji mzima kwa njia hiyo: mapacha waliopishana siku, mtoto aliyetanguliza miguu, mama aliyeandikiwa maneno matatu tu, *amekwenda na mwanawe*.

Kila jioni alilifunga daftari katika kitambaa chake na kurudi nalo nyumbani. Nilimwomba mara mbili aliache kabatini kwetu.

"La, mwanangu. Daftari la mamangu halilali nje. Usinione mbaya."

Sikumwona mbaya. Nilimwona ana haki.

Tulipomaliza, lilikaa ndani ya disketi tisa. Watu wakaanza kuja kwetu badala ya kwenda kwake. Anayetaka barua nilimtafutia jina, nikampigia barua kwa taipureta, kwa sababu printa yetu ilikuwa haina utepe nusu ya mwaka, mwenyekiti akatia sahihi, na nakala ya kaboni ikabaki kwenye faili. Barua yetu haikuwa cheti, lakini wengi walisema iliwafaa ilipowekwa pamoja na ushahidi wa wazee wa mtaa. Wengine walikuja kutazama tu. Namkumbuka mmoja, mpakizi wa mizigo wa Shimanzi, mtu mzima wa mabega mapana, shati limejaa vumbi la magunia. Nilimtafutia jina akainama mbele ya skrini, akacheka peke yake.

"Kumbe nimezaliwa Ijumaa! Mamangu akisema Jumatano siku zote."

Nikamuuliza kama nimpigie barua. Akasema hana haja nayo kwa sasa, lori lamngoja, atarudi.

Kompyuta ilipozeeka tulikuwa tukimwita fundi mmoja, mwanamume wa bara aliyefanya kazi katika kampuni ya usafirishaji huko Shimanzi na kuja kwetu Jumamosi. Alikuwa na maneno machache, na mengi ya hayo yalikuwa ya habari mbaya. Siku moja alifungua mashini, akaonyesha kutu kwenye bodi, akafunga.

"Mama, mashini za namna hii hazitengenezwi tena. Mpya zinakuja na disketi ndogo ngumu. Hii ikifa, disketi zenu pana mtazisoma na nini? Na zenyewe mnaziweka wapi?"

Nikamwonyesha kabati la chuma. Akatoa moja, akaigeuza kwenye mwanga, akairudisha bila kusema kitu. Kisha akasema atatufungia kifaa cha kusoma zile ndogo katika mashini hii hii, na ni bora tunakili kila kitu kwenye disketi mpya, nakala mbili mbili, ziwekwe mahali tofauti, na kila miezi sita mtu azisome zote kuona kama bado zinasomeka.

"Kila miezi sita mpaka lini?"

"Mpaka mtakapochoka," akasema. Hakuwa akifanya mzaha.

Niliandika ripoti kwa kamati. Niliiandika kwa wiki tatu, usiku watoto wakilala na mchana kukiwa hakuna mtu, na mpaka leo ndiyo kazi iliyonichosha kuliko zote nilizofanya pale. Kila kitu tulichokuwa nacho nilikiuliza maswali mawili: kikipotea, kitapatikana wapi kwengine? Na kukilinda kutataka nini, si mwaka huu tu, bali kila mwaka? Swali la pili ndilo lililonivunja moyo. Kununua ni siku moja. Kurudi kutazama ni maisha yako yote, na hakuna mfadhili anayekupa kitu kwa ajili ya kurudi kutazama.

Kamati ilikutana katika chumba chetu cha kusomea, feni ikizunguka bila kuleta hewa. Mdhamini mmoja, mfanyabiashara, alitaka tununue kiyoyozi. Mwengine alikuwa amesikia kuwa Nairobi kuna watu wanaoandika mambo kwenye sahani za kung'aa, na kwamba sahani hizo hudumu miaka mia.

"Nani ameishi nayo miaka mia akajua?" mwenyekiti akauliza, na watu wakacheka.

Nilieleza ya kiyoyozi: stima yetu inakatika, na fundi alisema chumba kinachopozwa kisha kikaachwa kikapata joto hutoa jasho, na jasho ni baya kuliko joto lenyewe. Nilieleza ya sahani: hatuna mashini ya kuzisomea. Nikaeleza ya disketi mpya. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, tuna uwezo wa kufanya jambo moja, na tena nusu yake. Boksi moja la disketi. Wewe ndiye unayevijua vitu hivi. Utaanza na vipi?"

Nikasema tuanze na vile ambavyo havina asili ya karatasi: mazungumzo tuliyoandika moja kwa moja kwenye kompyuta, ambayo wasemaji wake walikwisha kufa, na orodha ya vitabu vyote. Hivyo vikipotea vimepotea. Vyenye asili ya karatasi, kwetu au kwa wenyewe, vingoje.

"Na daftari la mkunga?" akauliza mfanyabiashara. Mkewe alizaliwa katika mikono ya yule mkunga.

"Lingoje. Asili yake ipo kwa mwenyewe, na analitunza kuliko tutakavyoweza sisi."

Nililisema hilo kwa sauti yangu mwenyewe, na lilikuwa jibu la akili. Nimelipima mara nyingi tangu siku ile na bado naliona ni la akili. Wote wakakubali, tukanywa kahawa, wakaenda zao.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja kabla ya wakati wake na hazikutaka kuondoka. Nyumba za Mji wa Kale ni za mawe na chokaa juu ya boriti, na boriti zikinywa maji miezi miwili mfululizo hakuna anayejua kinachotokea ndani yake. Nyumba ya bibi ilianguka ghorofa ya juu wakati wa alasiri. Yeye alikuwa chini, jikoni, na majirani walimtoa akiwa na mkono ulioteguka na vumbi la chokaa mpaka kwenye nyusi. Kasha lake, alimoliweka daftari, lilikuwa juu. Walilifikia siku ya nne.

Alikuja maktaba baada ya wiki mbili. Alikuwa amehamia Majengo kwa mpwawe, mkono umefungwa, na mkono mzima umebeba mfuko wa plastiki. Aliuweka juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na kitu kama mkate ulioloweshwa: karatasi zimegandana, chokaa imeingia katikati, wino umekuwa rangi moja ya samawati kutoka ncha hadi ncha. Nilijaribu kuinua ukurasa kwa kisu cha karatasi, ukaja vipande.

"Haidhuru," akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu kweli. "Sasa langu ni lile la kwenye mashini yako."

Nilimpa maji. Nikaenda kwenye kabati la chuma mbele ya macho yake, nikachukua disketi ya kwanza, nikaitia. Mashini ilinguruma, ikakwaruza, ikaandika kwamba haiwezi kusoma. Nikaitoa, nikaipangusa kwa kanga yangu, nikairudisha. Ikakwaruza tena. Nikatia ya pili. Nikatia ya tatu. Ya nne ilifunguka, nikapata pumzi, na ya tano ikakataa. Bibi alikuwa akinitazama mimi, si mashini.

"Imefanya nini?"

"Sijui, bibi. Pengine ni mashini. Fundi atakuja Jumamosi."

"Lakini muna nyengine. Ya akiba."

Niliketi. Nilikuwa na hamu kubwa ya kusema uongo, na nadhani kilichonizuia ni uchovu tu, kwa sababu uongo unahitaji kukumbukwa.

"Hatukuweka ya akiba. Tulikuwa na disketi chache, nikachagua vitu vyengine. Nilisema lako lingoje, kwa kuwa daftari lenyewe unalo."

Chini dukani mtu alikuwa akipima kitambaa na kuhesabu kwa sauti. Kisha bibi akasema, si kwa hasira, bali kama mtu anayeanza kuelewa hesabu, "Kumbe wewe wanitegemea mimi, nami nakutegemea wewe."

Akainuka. Nilitaka kumshika mkono kwenye ngazi, akasema ataweza. Mfuko aliuacha.

Fundi alikuja Jumamosi na hakunilaumu, na hilo liliniumiza zaidi. Alikata pembe ya kifuko cha disketi kwa wembe, akachomoa ule utando mweusi wa ndani, akauelekeza kwenye dirisha. Ulikuwa na madoa, duara duara, kama uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga.

"Ukungu," akasema. "Ile siku niliuona unaanza. Nilidhani mtanakili zote."

"Mbona hukuniambia umeuona?"

"Nilikuambia mnakili." Akauweka wembe chini, kisha akaongeza, "Ningesema zaidi. Ndiyo."

Tulizifanyia kazi Jumamosi nne. Aliniagiza maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, na sabuni laini. Tuliziosha utando mmoja mmoja katika karai la kuoshea vyombo, kwa vidole, bila kusugua, tukaanika juu ya kitambaa cheupe, tukautia kila utando kwenye kifuko safi na kujaribu. Zingine zilisomeka mara moja tu, na mara hiyo moja ilibidi tuwe tayari kunakili kabla hazijakataa. Mwisho wake, katika tisa tulipata nne nzima na mbili vipande vipande. Tatu zilikwenda. Hizo tatu zilikuwa za katikati, karibu miaka kumi ya watu.

Niliwapelekea wadhamini habari. Mwenyekiti alisoma karatasi yangu mara mbili.

"Ulitushauri vizuri," akasema. "Sote tulikubali."

"Najua, mzee."

"Basi usijibebeshe."

Lakini yeye alirudi Kizingo, na mimi ndiye niliyekaa nyuma ya meza watu walipopanda ngazi.

Mpakizi wa Shimanzi alirudi katika miezi ile. Safari hii alikuwa amevaa shati safi na viatu vya kwenda afisini. Kuna meli iliyokuwa ikichukua mabaharia, ndugu yake alimtafutia nafasi, na alitakiwa apeleke karatasi zake katika muda wa wiki tatu. Alisema yote hayo akiwa amesimama, anatabasamu, kwa kuwa kwake jambo lilikuwa limekwisha: jina lake alikwisha liona.

Nilimweka chini, nikamweleza kwamba jina lake lilikuwa katika zile disketi tatu zilizokwenda. Mwanzo hakufahamu.

"Lakini nililiona. Pale," akaonyesha skrini. "Na wewe uliliona."

"Nililiona."

"Basi andika. Andika uliliona."

"Tarehe siikumbuki, kaka."

"Ijumaa."

"Ijumaa naikumbuka. Mwezi siukumbuki. Wala mwaka siwezi kuuapia."

Alifikiri. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, mikubwa, imetulia. Akasema kwa sauti ya chini, "Tia yoyote. Nani atajua?"

Nilimtazama na nikajua kwamba anasema kweli, hakuna ambaye angejua. Vilevile nilijua kwamba barua zote zilizotangulia zilikuwa na thamani kwa sababu moja tu: hazikusema uongo. Nikampigia barua iliyosema nilichokijua: kwamba jina lake, na la mamake, na la mtaa, niliyaona katika nakala ya daftari, kwamba siku ilikuwa Ijumaa, kwamba nakala imeharibika na tarehe sina. Nilimpeleka kwa mwenyekiti mwenyewe, tukapanda gari moja mpaka Kizingo, na mzee akaitia sahihi mlangoni. Mpakizi aliisoma barabarani, akaikunja vizuri mara nne, akaitia mfukoni.

"Ahsante, mama," akasema. Hapakuwa na kejeli ndani yake. Afadhali ingekuwamo.

Meli iliondoka bila yeye. Karatasi zake alizipata mwaka uliofuata, kwa mashahidi na kwa kwenda na kurudi kwingi, na baadaye akapata kibarua cha kudumu kwenye ghala la kahawa. Nilikutana naye sokoni akaniamkia, akaniuliza watoto. Sikumuuliza kuhusu bahari.

Ni faili la kaboni lililonirudishia moyo kidogo. Nilikuwa nikitafuta kitu kingine nikalifungua, na nikaona mbele yangu barua zote tulizotoa, na kila moja ina siku, saa, mama, baba, mtaa. Nilizipitia zote. Nyingi zilikuwa za watu waliomo katika zile disketi zilizopona, lakini nyingine, themanini na kitu, zilikuwa za ile miaka iliyopotea. Niliketi nikazisoma, mkono shavuni. Karatasi nyembamba, wino wa kaboni unaoacha alama kidoleni, na hakuna aliyezilinda. Ziliwekwa kwa sababu taratibu za afisi zasema ziwekwe.

Nilimtafuta bibi Majengo. Ilikuwa imepita miezi saba tangu auache ule mfuko. Alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, anashona kwa kupapasa, uzi ukipita chini ya kidole gumba.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ni nani?" Kisha akaijua sauti. "Ndoo, karibu ukae."

Nilimweleza disketi zipi zilipona na zipi hazikupona, na habari ya kaboni. Nilimweleza pia kwamba kama angekubali ningetaka kuandika yale anayoyakumbuka mwenyewe, maana alikuwa akifuatana na mamake tangu akiwa msichana, akibeba taa na maji ya moto. Nilimwambia tutaandika pembeni kwamba hili linatoka katika daftari na hili linatoka katika kichwa, tusiyachanganye.

Alitia sindano kwenye kofia, akaiweka.

"Nilikukasirikia," akasema.

"Ni haki yako."

"Si kwa disketi. Ulipopanga, hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekwambia nyumba yangu yavuja."

Nilikuwa nimepita mara mia mbele ya nyumba ile, na katika ripoti ya wiki tatu, yenye safu za hasara na hatari na uwezekano, sikuwahi kuandika swali moja: paa lake liko vipi? Nilidhani kuwa na kitu na kukiweka salama ni jambo moja.

Tulianza upya, safari hii mimi ndiye niliyekwenda kwake, Jumamosi, na kalamu ya risasi. Hakukumbuka kwa tarehe. Alikumbuka kwa nyumba. Alianza mwisho wa mtaa na kutembea kichwani mwake, mlango hadi mlango, kushoto kisha kulia, akisema nani alizaa pale na mara ngapi, na mvua ilikuwa kubwa au ndogo, na nani alikuwa mgeni siku hiyo. Mara nyengine alirudi nyuma nyumba tatu kusahihisha. Palipopatikana barua ya kaboni ya nyumba ya jirani, tuliweza kubana mwaka. Mara nyingi hatukuweza. Watu wengi walibaki na jina tu na mlango.

Safari hii nilipokwenda kwa kamati sikuandika ripoti ndefu. Niliomba karatasi nzuri, utepe wa printa na disketi ndogo mbili kwa kila moja ya zile pana, na nusu siku kila wiki ya mtu wa kunisaidia kuzikagua. Walikubali karatasi, utepe na disketi. Mtu hawakuweza. Mwenyekiti alisema hivyo akiwa anatazama mikono yake. Sikubishana, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha jua.

Tulichapisha nakala tatu. Moja ikakaa maktaba, moja Kizingo kwa mwenyekiti, moja Majengo kwa bibi, na kabla sijaipeleka kila moja niliuliza habari za paa, za panya, na nani atairithi. Mwenyekiti alishangaa kuulizwa nani atamrithi. Bibi hakushangaa. Alinitajia mpwawe, akamwita palepale aje asikie kwa masikio yake.

Kwa miaka iliyobaki, kila Januari na kila Julai, nilizisoma disketi zote, moja moja. Ni kazi ya siku nne kama stima haikatiki. Unatia, unangoja, unafungua, unatazama mwanzo na katikati na mwisho, unatoa. Hapana cha kufikiria na huwezi kufikiria kitu kingine. Mume wangu aliniuliza kwa nini narudi nyumbani nimechoka hivyo siku ambazo sikufanya kitu, na sikuweza kumweleza vizuri. Bibi alifariki Julai mojawapo, nikaenda mazikoni, nikakaa na wanawake, na mpwawe akaninong'oneza kwamba ile nakala iko ndani ya kabati la nguo, juu, pakavu.

Nilizikagua mara ya mwisho mwezi niliohamia kazi nyengine. Mbili zilikuwa zimekataa. Nikazinakili upya kutoka kwa nakala zake za pili, nikaandika tarehe kwenye kijitabu, nikaacha kijitabu juu ya meza mahali ambapo mtu anayekuja baada yangu hawezi kukosa kukiona. Kisha nikafunga kabati, nikanunua dagaa njiani, nikaenda Buxton kupika.